Pakruok kwa Abstrakti ya Polisi

Wapiga nyatiti wa huku kwetu wamesifu ng'ombe, wavuvi, wanasiasa waliotoa hela na hata walioahidi tu. Wimbo husimama katikati, mtu akainuka na noti mkononi, akajisifu yeye na ukoo wake na shemeji zake mpaka akaridhika, ndipo nyuzi zikarudi; hiyo ndiyo pakruok. Sijasikia hata siku moja wimbo ukisimamishwa kwa heshima ya abstrakti ya polisi. Basi leo nainuka mimi.

Kwa asiyeijua, abstrakti ni ukurasa mmoja tu. Ina nafasi ya tarehe na saa ya ajali, mahali, namba za magari, dereva, mwenye gari, kampuni ya bima, aliyeumia na afisa anayechunguza, na pahali pa kusema uchunguzi umefikia wapi. Ukiumizwa na gari katika Kenya hii, hapo ndipo pa kuanzia. Wakili ataiulizia kabla ya kuuliza hali yako, na bima haifungui faili bila hiyo.

Mimi ilinijia kwa njia ya mtulinga. Nilikuwa ndani ya Probox iliyotoka Kisegi kwenda Sori, gari lililoundwa kwa watu 5 na ambalo huku kwetu hubeba 5 wa mwanzo pamoja na wote watakaopatikana njiani. Lori la mchanga likahamia upande wetu. Mtulinga ukavunjika, na mimi nikaingia katika usuhuba mrefu na karatasi hii.

Ni nyenyekevu. Kituo nilichofika, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado nina kazi nacho, hakikuwa na fomu hata moja, kwa hiyo nilivuka barabara nikatoe nakala kwa shilingi 10, chini ya tangazo lililosema huduma zote ni bure. Tena ina uwezo wa kuumba. Kwa Waluo jina la mwanamume mara nyingi huanza na O na la mwanamke na A. Afande akateleza herufi moja, nami niliyeingia mwanamume nikatoka mwanamke, tena kwa mhuri wa serikali. Mhuri wenyewe ulikuwa umekauka. Afande aliuhemea, akaupiga kwenye kidau cha wino, akauhemea tena, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Ukatoka nusu, lakini nusu yenye tarehe.

Haina pia ubaguzi wa mipaka, ingawa vituo vinao. Ajali yetu ilitokea karibu na Homa Bay inapopakana na Migori, mahali ambapo mbuzi huvuka asubuhi na kurudi jioni bila kujua wametoka kaunti. Kituo cha kwanza kilisema ajali ni ya upande wa pili. Cha pili kikanirudisha kwa adabu. Polisi ni wa taifa zima, lakini OB, daftari la matukio, ni ya kituo.

Hizo ni sifa ndogo. Sifa kuu iko pale pa matokeo ya uchunguzi, ambapo afande huandika herufi tatu: PUI. Maana yake uchunguzi unaendelea.

Hebu tafakari ukuu wa jambo hili. Kila kitu duniani kina mwisho. Masika hukatika, omena huadimika, magavana humaliza mihula yao miwili wakaanza kuutamani useneta. Uchunguzi wa ajali haujui unyonge huo. Alama za matairi zilifutwa na mvua ya jioni ileile, kisha greda ikapita ikafuta na barabara. Lori liliuzwa, likapakwa rangi nyingine. Dereva, nasikia, alivuka Isebania na sasa anaendesha trela upande wa Tanzania. Afisa aliyekabidhiwa faili alihamishiwa Turkana; aliyepokea akaenda likizo ya uzazi; wa tatu ananiuliza mimi faili iko wapi. Na uchunguzi unaendelea! Bila lori, bila dereva, bila mchunguzi, bila faili, unaendelea. Wanateolojia wanaohangaika kuwaeleza waumini uzima wa milele wangeleta darasa lao zima hapa kaunta. Mwanzo wake upo, umeandikwa katika OB kwa kalamu ya buluu. Mwisho ndio haujaumbwa.

Na hekima iliyomo! Anayehukumu upesi hukosea, kwa hiyo abstrakti haihukumu kabisa. Haisemi lori lilikosa, haisemi Probox ilikosa. Imesikia habari za kina mama waliorushwa mtaroni pamoja na karai zao za omena, na ikanyamaza kama balozi.

Nami nilijifunza utulivu kwayo. "Mwalimu, umepona?" afande alikuwa akiniuliza. "Bado, Afande." "Basi si haraka. Mwenye faili ametoka, pitia Jumatatu."

Mahakama nazo zimeipa heshima yake. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ilisema abstrakti haithibitishi gari ni la nani, lete cheti cha usajili. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikasema inaweza kuthibitisha, mradi hakuna anayeipinga. Kuhusu nani mwenye makosa, majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kusema kwamba abstrakti inaonyesha jambo moja tu: mtu alifika kituoni akaripoti. Kwa maneno mengine, karatasi niliyoihangaikia na bega limefungwa, juu ya bodaboda, kwenye mashimo yale, inathibitisha kwamba niliihangaikia. Na siku ya kesi, wa kuifikisha mbele ya hakimu ni polisi, ambaye mara nyingi siye aliyekwenda penye ajali, na nauli yake kwa kawaida hutoka mfukoni mwa aliyeumia.

Wanaoielewa kuliko sisi sote ni mabroka wa fidia. Wa kwangu alinifikia hospitalini kabla ya daktari. Aliniahidi abstrakti kabla ya magharibi, nimwachie sehemu ya fidia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa ndugu zangu wawili watatu nao wawe walikuwemo garini. Mabroka wa aina hiyo ndio wanaoipa bima kisingizio cha kumtazama kila aliyefungwa bega kana kwamba alijivunja mwenyewe.

Hapa niruhusiwe kuacha kusifu. Uchunguzi wao hauna ukomo; mimi ukomo wangu upo. Sheria ya ukomo wa kesi, Sura ya 22, inampa aliyeumia miaka 3 kushtaki. Sheria ya trafiki inamtaka dereva aripoti ajali ndani ya saa 24. Kila mtu kawekewa saa yake isipokuwa anayeketi na faili.

Na kampuni ya bima, ambayo stika yake ilikuwa kwenye kioo cha lori, iliniandikia barua mbili za heshima tupu. Ya kwanza: bila abstrakti hatuwezi kulishughulikia dai lako. Nikapeleka abstrakti. Ya pili: kwa kuwa abstrakti inasema uchunguzi unaendelea, hatukubali kwamba mteja wetu ana makosa. Mwenye lori alilazimishwa na Sura ya 405 kununua bima hiyo kwa ajili yangu, mimi mtu wa tatu, na sheria ikailinda kampuni isilipe zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kampuni ilipokea pesa ya bima siku ileile iliponunuliwa, bila uchunguzi wowote. Ni kulipa ndiko kunakohitaji subira, na kila mwezi wa subira pesa inalala kwao. Wa umri wangu wanazikumbuka United Insurance, iliyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield, mwaka 2011, huku walioumia wakingoja na hukumu zao mkononi. Kwa kampuni inayotaka kuchelewa, PUI ni zawadi, na haigharimu hata shilingi 10 ya nakala.

Kwa hiyo, msomaji, ukiumia na mkono mmoja ukabaki unafanya kazi, piga picha ya namba ya gari na ya stika ya bima kabla gari halijaondolewa. Hakikisha ajali imeingia OB siku hiyohiyo, uondoke na namba yake. Lisome jina lako, hasa herufi ya kwanza, kabla mhuri haujashuka. P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, kituoni hailipiwi, hata ukiambiwa nini. Wala usingoje uchunguzi uishe ndipo umtafute wakili: kesi hufunguliwa PUI ikiwa palepale, na ile miaka 3 inahesabiwa tangu siku ya ajali.