Bofyeni Tangazo la Shemeji

Kuna maradhi mtu humweleza daktari, kuna mengine humpelekea mganga, na kuna kunguni, ambao mtu hamwelezi binadamu yeyote ila simu yake. Hufunga mlango kwanza, hupunguza mwanga wa kioo, ndipo akaandika: dawa ya kunguni. Shemeji yangu alitaka awe hapo hapo, juu kabisa ya majibu, mtu huyo anapoinua macho.

Shemeji ni kaka wa mke wangu na kazi yake ni kupuliza dawa za wadudu hapa Dar es Salaam. Mende, mchwa na siafu anawapokea, lakini kunguni ndio waliomsomeshea watoto. Kwa miaka alitegemea vipeperushi vya kubandika kwenye nguzo za umeme. Tatizo la nguzo za mjini ni kwamba gundi yako haijakauka, mganga wa kurudisha mpenzi aliyeondoka ameshabandika cha kwake juu ya chako. Wakapiga simu watu walioachwa na wake, wakidhani namba ni ya mganga. Hao nao, ukiwachunguza, wengine waliachwa kwa sababu ya kunguni.

Kijana mmoja wa mtaani anayejua mambo ya mtandao akamfungua macho. Akamwambia kuna mtambo mkubwa wa kutafutia mambo, jina lake sitalitaja kwa heshima, ambao unamwekea mtu tangazo bure, na unamtoza pale tu mtu anapolibofya.

"Asipobofya silipi?"

"Hulipi, broo."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeambiwa bucha linatoa nyama bure kwa wanaoishia kuitazama. Likaandikwa tangazo. Namba ya simu ikawekwa yangu, kwa hoja kwamba yeye akiwa kazini huwa na barakoa usoni, na mimi, mwalimu wa sekondari, nina sauti ya ofisini.

Mpango wenyewe wa kulipia mbofyo si wa juzi. Mwaka 1998 Mmarekani Bill Gross alianzisha GoTo.com, ambako wenye biashara walishindana kununua nafasi kwenye majibu ya utafutaji, bei ikianzia senti moja ya dola. Wako waliochukia: jibu gani hilo linalouzwa? Google nao walianza matangazo yao ya kujihudumia Oktoba 2000 wakiwa na watangazaji 350, na mwaka 2002 wakaingia kwenye mnada wa mbofyo. Leo mnada huo hufanyika upya kila mtu anapotafuta kitu, kabla hujapepesa jicho. Ni kama mnada wa ng'ombe wa Pugu, ila dalali hasikilizi aliyetaja bei kubwa tu. Humtazama pia nani ana tangazo linaloendana na alichoandika mtafutaji, na nani ana ukurasa unaofunguka upesi, hivyo mwenye fedha chache anaweza kumpita mwenye nyingi. Na mshindi halipi bei aliyoitaja. Hulipa kiasi cha kumzidi kidogo aliye chini yake. Marekani, mawakili wanaowasaka wagonjwa wa saratani ya asbesto wamewahi kulipa zaidi ya dola 100 kwa mbofyo mmoja. Kunguni wa Dar, Mungu awape afya, bei yao ni ya mamia ya shilingi.

Simu zikaanza kuingia.

Wa kwanza alipiga nikiwa darasani, kidato cha pili, tukiwa kwenye ngeli. Sijui kidole kilikwenda wapi, sauti ikatokea kwa spika: "Mwalimu, wewe ndiye wa kunguni?" Tangu siku hiyo wanafunzi hawakai dawati la mbele.

Wa pili alitaka kujua kama tunashughulika na panya. Nikamwambia panya ni mkate wetu wa kila siku. "Hawa wanakuja kundi," akasema. "Usiku." Nikamwambia ndiyo kawaida yao. "Na mapanga." Ilinichukua muda kuelewa kwamba mzee wa watu alikuwa anazungumzia genge la Panya Road, na kwamba mtambo, ukiona neno panya, haukuona sababu ya kumkatalia.

Mwingine wa Upanga alilalamika kuhusu kunguru waliomwibia samaki kwenye kikaango. Kunguni, kunguru, vidole vyake au simu yake vilifupisha safari. Nilimhurumia, kwa sababu kunguru hao weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na tangu hapo hakuna aliyewaweza. Sisi tungeanzia wapi?

Kisha akapiga dada mmoja, sauti ya upole: "Samahani, nimeota kunguni wananitambaa mwili mzima. Maana yake nini?" Nikamuuliza kama ameshawahi kukagua mishono ya godoro. Akakata simu kwa hasira. Kesho yake akapiga tena. Haikuwa ndoto.

Wakati huo fedha za tangazo la siku nzima zilikuwa zikiisha kabla ya chai ya saa nne. Na mtambo una ustaarabu wake: siku yenye watafutaji wengi unaweza kutumia hata mara mbili ya bajeti uliyoweka, kisha ukafidia siku nyingine ili mwezi usipitilize. Shemeji hakujua hilo la fidia. Alijua lile la kwanza tu, na usingizi ukamkimbia kama mtu mwenye wateja wake kitandani.

Kijana akamfundisha kusoma orodha ya maneno waliyoandika watu kabla ya kubofya. Sijawahi kuona gazeti tamu kama lile. Tulikuwa tunakaa barazani usiku, shemeji akisoma kwa sauti. Dawa ya kunguni ya kienyeji. Kunguni kwa Kiingereza. Picha ya kunguni. Kunguni anaishi muda gani bila kula. Je kunguni ni uchawi. Nauza dawa ya kunguni, huyu akiwa mshindani kabisa. Wote hao tulikuwa tumewalipia: wanafunzi wenye kazi ya nyumbani, wanaotaka kuchemsha mwarobaini wenyewe, na bwana mmoja aliyeandika mkewe ana kunguni afanyeje, ambaye nadhani alihitaji msaada mkubwa zaidi.

Halafu, katikati ya takataka hizo, shemeji akasoma: kunguni wageni wanakuja kesho.

Tukanyamaza wote. Hebu mfikirie huyo mtu. Wageni wanakuja kesho, pengine wakwe, na godoro la wageni limeshapata wapangaji. Huyo haulizi bei mara mbili. Haendi kwa jirani kuomba namba ya fundi, kwa sababu jirani ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kujua. Tangu usiku ule nina msimamo wangu, na wataalamu wa masoko wanisamehe. Tangazo la mbofyo humfaa mfanyabiashara mdogo ambaye mteja wake ana haraka, au ana aibu, na bora zaidi akiwa na vyote viwili. Bomba limepasuka usiku, funguo zimebaki ndani ya gari, jino limeng'oka siku ya harusi, kunguni. Mama wa chapati hapa Buguruni alishawishiwa na kijana yule yule atangaze, nikamkataza. Mtu mwenye njaa Buguruni haandiki kitu. Ananusa, anafuata pua.

Hesabu zake si ngumu. Tuseme mbofyo ni shilingi 500, na katika watu 20 wanaobofya mmoja anakuwa mteja. Mteja huyo amekugharimu 10,000. Kama kazi inakulipa 150,000, na ukitoa dawa, mafuta na posho ya vijana bado unabaki na 40,000, endelea kubofywa. Kama unauza chapati ya 500, umenunua mla chapati mmoja kwa bei ya chapati 20.

Kazi ni kuwafukuza wasiohusika. Unaweza kuyafungia maneno alama za nukuu au mabano, mtambo upunguze ushairi wake wa kukutafutia maneno ya mbali, na unaweza kuuwekea maneno ya kuzuia. Tukaweka kienyeji, picha, Kiingereza, ndoto, uchawi, Road na bure. Simu zikapungua, kazi zikaongezeka. Shemeji akanunua buti mpya.

Hapo ndipo ukoo ulipoingilia kati.

Mama mkwe, kwa nia safi kabisa, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Wanangu, kaka yenu ana tangazo mtandaoni. Tafadhali bofyeni kila siku kumuunga mkono." Familia yetu ni kubwa na ina upendo. Akabofya shangazi wa Tanga. Wakabofya wa Morogoro na wajukuu zao. Baba mdogo wa Songea alibofya asubuhi na jioni, kama dozi, na kutuma picha ya ushahidi na viganja vya maombi. Mtambo una namna ya kutambua mibofyo ya hila na kuirudishia fedha, lakini mashine gani itamtilia shaka shangazi anayebofya kwa moyo mweupe kutoka kwenye simu yake mwenyewe? Shemeji akashindwa kumwambia mama yake aache. Unaanzaje kumkataza mzazi kukupenda? Mwishowe mke wangu akawatangazia kwamba baraka za kubofya zimepokelewa zote, sasa wabofye kwa dua tu.

Wakubwa nao wamewahi kujilipia shangazi zao, ila kwa mamilioni. Watafiti Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walisimamia majaribio kwenye soko la mtandaoni la eBay, ambako matangazo ya kulipia yalizimwa, mengine yakiwa yale yanayotokea mtu anapoandika jina la eBay lenyewe. Matokeo yalichapishwa 2015. Waliokuwa wakibofya tangazo la jina, karibu wote, waliingia tu kwa kiungo cha bure kilichokuwa chini yake. Walikuwa wanakuja hata hivyo. Matangazo ya bidhaa yalisaidia kidogo kwa wageni na wanaonunua kwa nadra. Wateja wa kila siku hayakuwagusa. Mimi nasoma hapo habari njema kwa mnyonge, kwa sababu mfanyabiashara asiyejulikana karibu kila mteja wake ni mgeni. Shemeji alisoma tofauti. Akasema kama eBay wamenunua jina lao, na yeye ananunua lake. Akalinunua, jina ambalo hakuna mshindani duniani aliyelitamani.

Mteja bora tuliyempata alikuja kwa kosa la mpangilio. Kijana hakuwa ameuambia mtambo uwaonyeshe tangazo watu walioko Dar tu. Aliuachia wale walioko na wale wanaoonekana kuvutiwa na Dar. Saa tano usiku ikaingia simu ya nje. Kaka mmoja, anafanya kazi Muscat, mama yake anaishi Tandika. "Mama anasema ni joto tu linamwasha," akasema. "Lakini nilipokwenda likizo nililala pale. Lile si joto." Akatuma fedha zote kabla hatujafika, jambo ambalo kwenye kazi hii ni sawa na kuona popo mchana.

Nilikwenda na shemeji siku ya kazi kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Pikapu ya shemeji ilikuwa na kunguni aliyechorwa ubavuni, mkubwa kama mbuzi, amewekewa na meno ambayo Mungu hakumpa. Tukaegesha mbele ya geti. Barazani upande wa pili jirani alikuwa anamsuka binti, na vidole vyake vikasimama katikati ya tuta.

"Shikamoo mama. Tumetumwa na mwanao wa Muscat, kuhusu wale..."

"Wale kina nani?"

Shemeji akafungua mdomo. Mama akaitazama pikapu, akamtazama jirani, kisha akapaza sauti ya kusikika hadi Temeke Hospitali: "Aaa, mafundi wa king'amuzi! Karibuni wanangu, picha inakatakata tangu juzi."

Tukapita, shemeji na bomba lake la mgongoni, barakoa shingoni, suruali imechomekwa kwenye buti.

"King'amuzi siku hizi kinapuliziwa?" jirani akauliza.

"Vya kisasa hivi," mama akajibu bila kugeuka, "vina vumbi la ndani."

Ndani tulikilaza kitanda ubavu. Kwenye mishono ya godoro kulikuwa na vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu, na kwenye matundu ya skrubu walikuwa wamejipanga wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Mama akatuambia hao si wa hapa, wamekuja na mgeni. Sijaingia nyumba ambayo kunguni ni wenyeji. Shemeji akapuliza, akaeleza kwamba mayai huweza kusalimika, kwa hiyo tutarudi baada ya wiki mbili kuwamalizia watakaokuwa wameanguliwa.

"Rudini," mama akasema. "Ila hilo lidude mlilochora mlifunike. Na mje na ngazi. Mafundi wa king'amuzi huwa na ngazi."

Siku chache baadaye ikaingia simu, sauti ya mama wa makamo, anaongea chini chini. Alikuwa amelisoma jina letu kwenye pikapu ya shemeji, akaliandika kwenye simu kama lilivyo, tangazo likatokea juu, akalibofya. Tukatozwa, kwa mtu aliyetuona kwa macho yake ng'ambo ya barabara.

"Nasikia mnatengeneza ving'amuzi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu, hata changu. Kinaniuma. Hasa usiku."

Nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote, ni vyumba vingapi, na kama angependa tuje na ngazi.