Ofa Inaendelea, Bidhaa Imeisha

Hapa Kihagara, kijijini kwetu kando ya Ziwa Nyasa, hatuna supamaketi, na nimechoka kuonewa huruma kwa ajili hiyo. Kila ndugu anayekuja likizo kutoka Dar es Salaam, kabla hajamaliza hata sahani ya kwanza, huanza: "Kaka, kule mafuta ya kula yameshuka, kuna ofa kila mahali. Ninyi huku mnaishije na bei za dukani kwenu?" Anayasema hayo huku anachambua miiba ya mbasa, samaki ambaye huko kwenye ofa zake hamwoni hata kwa bei kamili.

Nakubali, duka letu lina kasoro. Mwenye duka tunamwita Mkinga kwa kuwa kwao ni Makete, na kwa kuwa jina lake halisi limo kwenye leseni ya biashara ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Ukimwuliza kitu asichokuwa nacho, neno "hakuna" halimtoki. Ana lugha yake. "Kipo njiani" maana yake kipo Mbinga. "Kinakuja Jumamosi" maana yake kipo Songea, wala hajaamua Jumamosi ipi. "Ngoja kidogo" maana yake hela ya kukinunulia imelala kwenye daftari la madeni, na hapo anakutazama usoni mpaka unakumbuka una kazi shambani.

Shida yenyewe inaendeshwa na mwezi. Usipa, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, taa ya mvuvi haina wa kumvuta. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola, lakini giza ni lilelile. Basi giza likiingia, pesa nayo inaingia. Wanunuzi kutoka Mbinga na Songea wanajazana ufukweni, na kijiji kizima kinakumbuka kwa pamoja kwamba kinapenda chai yenye sukari nyingi. Haupiti muda, sukari imekwisha. Mkinga anaagiza. Mzigo unapofika, mbalamwezi imeshatoka, mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, sukari imejaa mpaka juu ya kaunta, na hakuna mwenye mia mfukoni. Nimemshauri Mkinga awe anaangalia kalenda. Anayo. Aligawiwa na kampuni ya bia, na ni ya mwaka juzi.

Pamoja na hayo yote, Mkinga hajawahi kunidanganya kwa bango. Hilo nilikwenda kulipata mjini.

Shemeji yangu wa Songea alituma picha kwa WhatsApp: dumu la mafuta ya kula lita 5, bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu, bei mpya imeandikwa kwa tarakimu kubwa kuliko dumu lenyewe, 24,990. Mama watoto aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko anavyoitazama picha yetu ya harusi. Nami nilikuwa na shauri la mirathi linalonidai Songea, nikapewa noti zilizokunjwa na maelezo mafupi: "Mawili."

Safari siilalamikii sana. Vumbi hadi Mbamba Bay tumelizoea. Kutoka hapo hadi Mbinga ni kilomita 66 za lami nzuri inayopanda milima ya Wamatengo, ambako mtu anaweza hata kusinzia bila kugonga kichwa kwenye dirisha. Halafu Songea. Shauri la mirathi likaahirishwa, kama kawaida yake, nikaenda kwenye mafuta.

Bango lilikuwa mlangoni, refu kunizidi. Ndani, mahali pa mafuta palikuwa pana sakafu safi sana. Nikamfuata binti aliyevaa fulana ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya mafuta ya kwenye bango yako wapi?"

"Yameisha, baba."

"Basi ofa imeisha?"

"Hapana, baba. Ofa inaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Iliyoisha ni bidhaa."

Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, kwa heshima zote, bila kucheka. Nikauliza bidhaa itakuja lini. Akasema mzigo upo njiani. Nilitaka kumwuliza kama ana undugu na mtu yeyote wa Makete.

Sasa, kutoka supamaketi mikono mitupu si jambo jepesi. Mlinzi wa mlangoni haamini kwamba mtu mzima anaweza kuingia mahali pale na kutoka bila kitu. Anakukagua kwa macho kuanzia kofia, na ukizidi kueleza unazidi kufanana na mwizi. Kwa hiyo mtu ananunua chochote apate risiti. Nikanunua dawa ya meno iliyofungwa kwa gundi pamoja na kikombe cha plastiki, eti kikombe ni bure. Nikanunua maziwa mgando ya "nunua moja upate moja". Nilipoisoma tarehe nje kwenye mwanga nikaona kwamba muda wake wa kutumika unakwisha kesho yake. Kumbe ile ya pili hawakuwa wananipa. Walikuwa wanatafuta pa kuitupa.

Na hiyo ndiyo hesabu ya maduka ya namna hiyo, kuanzia Ulaya hadi Songea. Kitu kimoja kinachojulikana bei na kila mama wa nyumbani kinawekwa kwa bei ya karibu na hasara, tena kichache. Kinapangwa mwisho kabisa wa duka ili ukifuate kwa kupita biskuti, sabuni za maji na mataulo. Wa kwanza asubuhi wanabeba mafuta. Sisi tunaotoka ziwani tunabeba vikombe.

Lakini turudi kwa keshia. Bei zote pale zinaishia na tisini: 1,990, 3,490, 5,990. Naomba mtu mwenye elimu anieleze. Sarafu ya shilingi kumi mara ya mwisho kuonekana mikononi mwa watu, vijana wanaovua leo walikuwa hawajazaliwa. Hata hamsini imeanza kuwa ya kutafuta. Kwa hiyo zile shilingi kumi nilizopunguziwa kwa maandishi, kwa mkono hazirudi. Keshia alinipa pipi. Nikamwuliza kama nikija tena naweza kulipa kwa pipi, watu wa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hilo naliunga mkono, maana ziwa letu si dampo. Lakini mfuko mbadala nao ni mia tano. Ukijumlisha mfuko na nauli, kile kikombe cha bure ndicho chombo ghali kuliko vyote nyumbani kwangu.

Mama watoto alikipokea kikombe bila neno. Aliyesema ni mama mkubwa, aliyekuwa amekuja kuona mafuta.

"Hiyo bei ya kwenye picha," alisema, "mbona sisi tulikuwa nayo?"

Mama mkubwa alikuwa analea watoto miaka ile ya mwanzo ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha na fedha za kigeni zimekwisha navyo. Kulikuwa na Tume ya Bei, na bei zilikuwa nzuri ajabu. Mche wa sabuni ulikuwa na bei ambayo leo ukiisikia unaweza kulia. Tatizo ni kwamba mche wenyewe haukuwapo, wakafulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, sabuni na sukari zikaonekana ghafla, nyingine zimetupwa vichakani na waliozificha. Mwaka uliofuata wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, vitu vikajaa, bei ikawa mbaya. "Tukaanza kulalamikia bei," mama mkubwa alimalizia. "Lakini tulikuwa tunalalamika tumeoga."

Ukiliangalia jambo hili vizuri, wakubwa nao limewapata. Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya ambayo jina lake lilitokana na magodoro ya Nakuru, ilinunua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga virago Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Kufikia mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa wazi, kwa sababu wasambazaji walikuwa hawajalipwa na wamechoka kuleta. Yaani ni ugonjwa uleule wa Mkinga, hela imelala kwenye daftari. Tofauti ni kwamba kwa Mkinga wanaodaiwa ni wateja, na kule mdaiwa alikuwa ni duka lenyewe. Na Mkinga bado anafungua kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Serikali nayo ina mabango yake. Mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi: kilo moja ya rejareja iwe kati ya 2,700 na 3,200, kutegemea mahali. Tuliisikia redioni, tukafurahi, tukaenda dukani kwa pamoja. Mkinga naye alikuwa ameisikia. Akasema ni bei nzuri, anaiheshimu, na yuko tayari kuifuata kikamilifu siku atakayopata sukari.

Kwa hiyo naomba ndugu zetu wa likizo wanielewe. Mimi si adui wa bei nafuu. Nafuu ya kweli naijua, iko hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Giza likiwa zuri na nyavu zikaja zimelemewa, bei ya ndoo ya usipa inaporomoka yenyewe kabla jua halijakaa sawa. Hakuna anayepiga mstari mwekundu. Inashuka kwa sababu samaki wamejaa, vichanja vimejaa, na wenye mali wanaogopa mvua isiwakute hawajaanika. Unanunua unachokiona, kwa bei unayoisikia, kutoka kwa mtu ambaye nguo zake bado zinachuruzika maji. Huku bei hushuka kitu kinapokuwa kingi. Ile ya kwenye bango inashuka kitu kinapokuwa hakipo, au kinapokuwa kinaoza kesho.

Nikapeleka pendekezo kwa Mkinga. Nilimwambia kila duka, dogo kwa kubwa, liandike mlangoni kilichopo na kisichokuwepo, ili mtu ajue kabla hajapanda gari. Aanze yeye, awe mfano kwa mkoa mzima. Nilitegemea atasema wazo lipo njiani. Lakini kesho yake nilikuta ubao kweli umeegeshwa mlangoni, umeandikwa kwa mwandiko wa mwanawe wa darasa la tano: LEO HAKUNA: SUKARI, MAFUTA YA KULA, BETRI, VIBERITI.

Nikampongeza. Nikamwambia ni mfanyabiashara wa kwanza mkweli niliyemwona tangu nizaliwe. Halafu nikaomba chumvi.

"Haipo," alisema.

"Mbona kwenye ubao hujaiandika?"

"Chaki imeisha."