Tano Si Zaidi ya Nne

Kuna watu wakikuuliza gari lako ni la mwaka gani, hawataki kuujua mwaka. Wanatafuta pa kuanzia kukushauri. Ukiwajibu kwamba ni Datsun 240Z ya 1973, wanatikisa kichwa, wanalizunguka, wanainama kuchungulia uvunguni, kisha lazima waulize: "Na giaboksi unaitia oili gani?" Hapo ndipo asubuhi yangu huharibika.

Ningekuwa na gari la kawaida, la kubeba watoto na magunia ya mkaa, haya yasingenipata. Mwenye Probox haulizwi oili ya gia. Anaulizwa kama kuna nafasi ya mmoja nyuma. Lakini gari hili lina historia, na historia ina wenyewe. Mwaka 1971 dereva Edgar Herrmann alishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, kijana wa Uganda ambaye familia yake ilihamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Tena kwa tabu: yeye na Harry Källström wa Uswidi, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walimaliza wakiwa sare ya pointi, ikabidi kanuni iamue. Basi kila mzee aliyesimama kando ya barabara mwaka ule akala vumbi la Mehta anajihesabu kuwa mmoja wa mafundi wa timu. Vumbi ndilo cheti chake.

Wa kwanza kunitesa ni ami yangu, ambaye saa za kahawa hupatikana barazani Mji wa Kale. Aliposikia natafuta oili ya 75W-90, alikiweka kikombe chini.

"Tisini? Mwanangu, hiyo ni lami! Injini yenyewe inakunywa arobaini, gia uzipe tisini?"

Baraza zima likaguna. Nikamweleza, kwa adabu maana ni ami, kwamba oili ya injini na oili ya gia hupimwa kwa mizani mbili tofauti. Oili ya gia yenye namba 90, ikipata moto wa nyuzi 100, uzito wake unalingana na oili ya injini ya 40 au 50. Ni mizani mbalimbali tu.

"Na hiyo 75W?"

"Hiyo ni ya baridi, ami. Inaonyesha oili inavyotiririka kabla haijapata moto."

"Baridi ya wapi?"

Mombasa hii, baridi tunayoijua ni ile ya ndani ya benki. Kweli, kwa joto letu 80W-90 nayo ingefaa bila shida. Lakini nilijua nikitamka themanini tutaanza upya na kahawa itapoa.

Wa pili ni shemeji yangu wa Nairobi, ambaye huteremka pwani kila Desemba kula samaki wetu na kutufundisha maisha. "Shem, kwani hujui? Wenye MG wanatia oili ya injini kwenye gia, na zinaingia laini kabisa." Ubaya wa shemeji huyu ni kwamba anasema kweli. MGB, gari la Mwingereza, kitabu chake kinataka oili ya injini, 20W-50, kwenye giaboksi. Mini ya zamani ndiyo kabisa: injini na giaboksi zinaoga oili moja. Angeongeza na Porsche 911 za miaka ya 70, ambazo giaboksi na difu, zile gia za ekseli zinazozungusha magurudumu, zimo ndani ya kasha moja, kwa hiyo oili moja hufanya kazi zote mbili, nami nisingembishia. Kila mmoja ana haki kwa gari lake. Langu halikuundwa Abingdon kwa wenye MG wala Stuttgart kwa wenye Porsche. Kitabu cha Datsun kinasema GL-4 kwenye giaboksi na GL-5 kwenye difu, wala hakimtaji shemeji wa mtu.

Nikaenda Mwembe Tayari, kwenye duka la spea.

"Nipe oili ya gia, GL-4."

"Chukua GL-5, bosi."

"Nataka ya nne."

"Bosi, hiyo ni ya zamani. Tano ndiyo ya juu. Bei ni ile ile, unaachaje ya juu unachukua ya chini?" Akaniinulia vidole vinne, halafu vitano, nione mwenyewe.

Hapa ndipo kiini cha ugonjwa wote. GL-4 na GL-5 si madarasa ya shule, kwamba ukifaulu la nne unapanda la tano. Ni majina ya kazi mbili, yaliyopangwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani. GL-5 ni ya difu, mahali ambapo meno ya gia, mbali na kusukumana, yanasuguana kwa mburuto chini ya mzigo mkubwa. Ili chuma kisile chuma, oili hiyo hutiwa dawa ya salfa na fosforasi, karibu mara mbili ya ile iliyomo kwenye GL-4. Dawa hiyo hushikana na chuma na kujenga utando mwembamba, na utando ndio unaoliwa badala ya meno. Kwenye difu, ambako gia zote ni za chuma, ni neema. Kwenye giaboksi yangu kuna shaba.

Fundi wangu aliwahi kunishikisha pete moja ya sinkro, ya shaba, aliyoitoa kwenye giaboksi ya gari jingine. Inaenea kiganjani. Nje ina meno madogo yaliyochongoka. Ndani ni pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, imechorwa mistari ambayo ukipitisha ukucha unakwaruza. Kazi yote ya kubadilisha gia bila kelele imo kwenye mistari hiyo. Ukisukuma mkono wa gia, pete inaikumbatia gia inayozunguka, mistari inaikata oili, shaba inashika chuma, mwendo wa huyu unalingana na wa yule, ndipo meno yanapoingiana. Yote hayo kufumba na kufumbua. Sasa tia oili yenye utelezi wa kupindukia. Pete inateleza pale ilipotakiwa kushika, gia ya 2 inalia krrr, na abiria anakugeukia wewe, hamgeukii aliyekuuzia oili. Isitoshe, giaboksi ikipata moto, salfa inaanza kuila shaba: ule utando unang'ang'ania kuliko shaba inavyoweza kuhimili, ukibanduka unabanduka nayo. Pete ile ya fundi ilikuwa imelika upande mmoja. Hapo ukucha wangu ulipita kimya.

Niliporudi nyumbani bila oili nikakutana na wa tatu, kijana wa jirani, msomi wa simu. "Brother, changanya. Nusu nne, nusu tano, unapata nne na nusu." Nikamtazama nikakosa la kusema. Mtu anayeamini kwamba kemikali hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, ukibishana naye mtagombana, na mama yake ndiye anayetuuzia mahamri.

Kuna na makopo yanayokusudia kuturidhisha sote. Yameandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, mkwaju katikati. Kopo la namna hiyo linaweza kuwa zuri, maana viwanda vingine siku hizi hutia kinga ya shaba ndani ya GL-5 yao. Linaweza pia kuwa GL-5 tupu, na muuzaji ameona tano kubwa kuliko nne kama yule wa vidole. Herufi za mbele hazikuambii. Geuza kopo usome nyuma kama wanataja usalama wa pete za sinkro na shaba. Au tafuta karatasi ya kiwanda yenye vipimo. Kuna kipimo ambacho kipande cha shaba nyekundu kilichong'arishwa hutumbukizwa ndani ya oili ya moto kwa saa kadhaa, kikitolewa rangi yake inapewa daraja kuanzia 1 hadi 4. Moja ni shaba iliyobaki karibu kama ilivyokuwa, nne ni shaba iliyokwisha kuwa nyeusi. Kwa hiyo namba pekee ambayo ndogo ndiyo bora, hawaiandiki kwenye kopo.

Fundi wangu ni mzee wa maneno machache, na ndiyo sababu bado ni fundi wangu. Nilipopata GL-4 hatimaye, hakuniuliza nimeinunua kwa bei gani wala nani kanishauri. Aliisoma, akatikisa kichwa, akaingia uvunguni. Cha kwanza alifungua nati ya juu, ile ya kujazia. Ndipo akafungua ya chini ya kumwaga. Vijana wa gereji hufanya kinyume: wanamwaga oili yote, halafu wanagundua nati ya juu imeshika kutu, haifunguki, na gari haliwezi kutoka hapo wala kujazwa. Yeye hana haraka hiyo. Alikuwa ameliendesha gari kidogo kabla ya hapo ili oili ipate moto iteremke vizuri. Akaikingia beseni, akaichukua hadi juani. Kwenye oili mbichi huoni kitu. Kwenye ile ya zamani, jua likiipiga, unaona chembe za manjano zikimeta. Alipitisha sumaku. Unga wa chuma ulishika, chembe za manjano zilibaki zinaelea. "Hiyo ni pete inaondoka," akasema, na hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote tangu nimjue. Kisha akajaza kwa mpira na faneli hadi oili ilipochungulia kwenye tundu la nati, akafunga. Hakuna kijiti cha kupimia. Tundu lenyewe ndilo kipimo.

Ikabaki difu. Nikarudi duka lile lile.

"Nipe GL-5, lita moja."

Yule bwana akaniangalia kwa huruma. "Si nilikwambia?"

"Hii ni ya difu."

"Bosi, juzi umeikataa hapa hapa mbele za watu."

"Ile ilikuwa giaboksi."

"Kwani si gari ni moja?"

Wateja wengine wakacheka, mmoja akaomba kuona gari, na alipoliona akavuta pumzi akasema marehemu babake alikula vumbi la Mehta. Mama watoto naye, nilipofika nyumbani baada ya kuitia, nikinuka salfa ya difu, alinionyesha mlango wa uani.

Wenye maduka ya spea, nawaombeni: wekeni GL-4 kwenye rafu, na mteja akiitaja kwa jina mpeni bila mahubiri. Na wewe mwenye gari la zamani, soma kitabu cha gari lako, uachane na kitabu cha shemeji yako. Kama kitabu kimetaka GL-4 na pete zako ni za shaba, giaboksi itie ya nne, difu itie ya tano, na nati ya juu ifunguliwe kwanza.