Jinsi ya Kufufua Ampli Isife Tena Jumapili

Kwanza kabisa, mwondoe mteja mgongoni mwako. Fundi anayetafuta kapasita huku Papa Pasta amemsimamia akiuliza kama kwaya itapata sauti kesho, ataokota yoyote itakayoingia kwenye tundu. Mwambie kwa heshima: «Papa, uende ukapumzike, ikipona nitakupigia.» Akikataa kuondoka, mpe kiti kilicho mbali na meza.

Chomoa waya, halafu mikono nyuma. Kapasita mbili kubwa za umeme zinaweza kubaki na volti 50 muda mrefu baada ya ampli kuzimwa. Wapo mafundi wanaozimaliza kwa bisibisi: puu! cheche, na watoto wa mtaa wanashangilia. Ni ujinga wenye kelele, nao unaunguza bodi na ncha ya bisibisi pamoja. Chukua rezista ya omu 220, wati 5, iunganishe kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde 15, kisha upime kwa mita. Zikibaki chini ya volti 1, fungua kazi.

Usinunue kitu kabla hujasikiliza. Kabla ya kuchomoa huko, ampli ikiwa bado imewashwa, punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki palepale, mzito na mkavu, shuku kapasita za kuchuja umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, lakini ukishapita kwenye dayodi nne, mvumo wake unakuwa wa hezi 100. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na kitufe cha sauti, tafuta mbele, kwenye nyaya na sehemu ndogo za sauti. Mtu anayebadilisha kapasita zote kwa sababu waya wa maikrofoni umekatika anamwibia mteja, hata kama hajui kuwa anaiba.

Sasa volti, na hapa ndipo ninapomwomba kila fundi wa Lubumbashi anisikilize kwa masikio yote mawili. Soma transfoma, usisome kapasita iliyokufa. Tuseme transfoma inatoa volti 35 kila upande. Zidisha kwa 1.41: unapata karibu volti 49.5. Ukikuta kapasita ya volti 50 hapo ndani, aliyeiweka alikuwa anawaza mji ambao 220 ni 220 asubuhi, mchana na usiku. Sisi tunaishi kwenye komuni za Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo. Umeme unaondoka, jenereta inaingia, umeme unarudi usiku wa manane wakati nyumba nyingi zimelala, na mita inasoma 240. Piga hesabu upya: zile volti 49.5 zimekuwa 54. Kapasita ya volti 50 inavimba kichwa, inatema maji yake, na wewe unaambiwa hujui kazi. Weka ya volti 63. Ya 80 ikiingia kwenye nafasi iliyopo, weka 80. Namba hiyo ni mpaka wa juu ambao kapasita inavumilia. Haiongezi nguvu wala haiunguzi chochote, kwa hiyo mteja akiogopa kwamba «volti nyingi zitachoma spika», mweleze polepole.

Mteja huyohuyo atasema upande wa mikrofaradi: «Fundi, tia kubwa tu, tupate besi.» Hapana, Papa. Ampli ikivuta ampea 3 kutoka kwenye kapasita ya mikrofaradi 4,700, umeme unayumba karibu volti 6. Ukitia 10,000 unayumba karibu volti 3. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ukitia 47,000 kwa kiburi, kila ukiwasha, kapasita tupu inavuta umeme kwa pupa, fyuzi inakatika au daraja la dayodi linapasuka. Rudisha kiwango cha awali, au nenda hadi mara mbili yake, na uishie hapo. Besi ya kanisa mara nyingi imekufa kwenye spika.

Joto nalo linataka kuheshimiwa. Ubavuni mwa kapasita pameandikwa 85°C au 105°C. Chukua 105 na usibishane. Kila unaposhusha nyuzi 10, umri wake unakaribia kuzidi mara mbili. Yenye saa 2,000 kwenye nyuzi 105 itakaribia saa 8,000 kwenye nyuzi 85, wakati ile ya 85 imeahidi saa 2,000 tu pale pale. Kwa baa inayopiga muziki saa 8 kila siku, hiyo ni tofauti ya siku 250 na siku 1,000. Na ampli ya baa, mnamo Oktoba, chini ya mabati, imefunikwa kitambaa cha maua ili ipendeze! Ondoa kitambaa hicho. Futa na vumbi jekundu kwenye matundu ya hewa.

Kapasita bandia zipo, nazo zina jaketi zuri kuliko za kweli. Ndani ya kopo kubwa kuna kikopo kidogo, au ni iliyotolewa kwenye mashine nyingine ikavikwa plastiki mpya. Yenye mikrofaradi 10,000 na volti 63 kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 30 au 35. Ukiuziwa yenye ukubwa wa kidole gumba, mrudishie muuzaji mbele ya watu. Pima kabla ya kulipa: kwa uvumilivu wa asilimia 20, mita isome kati ya 8,000 na 12,000. Angalia miguu pia. Iliyokwaruzwa na yenye mabaki ya lehemu imeshafanya kazi kwingine.

Zile ndogo za njia ya sauti zinafuata sheria nyingine. Mikrofaradi 1 ikikutana na omu 22,000 inapitisha sauti kuanzia kama hezi 7. Ukiweka 0.1 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mfukoni, unaanzia hezi 72, na uzi wa chini wa gitaa la besi, wenye hezi 41, unadhoofika. Mcheza rumba atakuchukia, na atakuwa na haki.

Za tantalamu tunazionea fahari, maana madini yake yanachimbwa kwetu, Manono na Kivu. Fahari hiyo isikupeleke kuziweka kwenye umeme mkuu. Zikigeuzwa au zikipigwa na volti za ghafla zinaweza kuwaka moto. Mahali zilipo, weka yenye volti mara mbili ya zinazopita.

Kuna moja ambayo sina mzaha nayo hata kidogo: kapasita iliyo kati ya waya wa umeme wa ukutani na bodi ya chuma. Iwe na alama ya Y2. Ile iliyo kati ya nyaya mbili za umeme iwe X2. Ya kawaida ikiungana ndani, 220 inapanda kwenye chuma, kutoka hapo hadi kwenye maikrofoni, na mama wa kwaya ameishika karibu na midomo. Usipopata Y2, acha nafasi wazi na uvumilie kelele kidogo.

Ukimaliza, angalia mstari wa hasi wa kila kapasita mara mbili, kisha washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Ikimulika kidogo na kufifia, salama. Ikibaki inang'aa, zima, kuna kosa. Ondoa balbu, piga muziki saa nzima, zima, maliza umeme uliobaki, na uguse kopo: vuguvugu ni sawa, moto siyo. Ndani ya kifuniko andika kwa kalamu tarehe, thamani ulizotoa na ulizoweka, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yako, na umpigie Papa Pasta.