Mwombaji Mmoja wa Kiwanda Kizima

"Huyu mmoja anatosha, Dada. Mpe na geti alinde." Meneja wa kiwanda cha alizeti aliniambia hivyo jana, wahasibu wake wakiangalia dirishani ili wasinichekee usoni. Programu ya kuchuja waombaji, niliyoisifia tangu chai ilipoletwa, ilikuwa imeleta jina moja tu: mkazi wa Mandewa, mwenye leseni ya magari makubwa, cheti cha umeme, stashahada ya uhasibu, uzoefu wa kupika shule ya bweni na wa kuzalisha wajawazito. Alama zake: asilimia 98.

Usiku sikulala, nikasoma programu hizi zinavyofanya kazi, na ni mambo ya kuvutia kweli. Wasifu hazisomi kama tunavyosoma sisi. Kwanza zinachopoa maandishi kwenye faili. Kama ni picha iliyoskaniwa, zinakisia kila herufi kwa umbo lake, kwa hiyo skani ikififia, Juma anaamka Jurna. Wasifu wenye safu mbili, nyingine zinausoma moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, mtu akajikuta amehitimu Shule ya Msingi Microsoft Word. Namba ya simu zinachukua inayoonekana, hata ikiwa ya mdhamini, na ndiyo maana nimewahi kumwita mchungaji kwenye usaili wa dereva wa bodaboda. Utamu wenyewe uko mbele: aliyetuma maombi mara tatu asihesabiwe watu watatu, programu inatafuta kitu ambacho watu wawili hawawezi kuchangia. Waliotengeneza hii yangu waliamua kitu hicho ni barua pepe.

Sasa njoo Mandewa. Huku barua pepe ni ya steshenari. Mwombaji anafika na vyeti kwenye bahasha ya kaki, kijana anamchapia, anaskani, anatuma kwa anwani yake mwenyewe, na hiyohiyo anaijaza kwenye fomu kwa sababu fomu haikubali pengo. Dereva, mpishi, mkunga, wote wakashonwa kuwa mtu mmoja hodari ajabu.

Turudi ofisini jana: meneja akabonyeza "kataa" kwa utani. Programu haina utani. Ilituma barua ya masikitiko kwa kila ombi, zote kwa kijana wa steshenari, naye akanipigia palepale. "Dada, nimekukosea nini? Kazi ninayo, kwako sijaomba, mbona unaninyima mara zote hizi?" Simu yangu ina spika inayosikika hadi Ziwa Singidani.

Kabla ya hii nilijaribu nyingine tatu. Ya kwanza ilitaka dola kwa kila mtumiaji kila mwezi. Ya pili ililazimisha jina la ukoo kwa kila mtu. Ya tatu, muda wa majaribio uliisha katikati ya usaili.

Lakini kuna binti aliyetoka Ilongero kwa nauli ya kukopa, akalipia kuchapa, akalipia kuskani, akalipia kutumiwa. Amekataliwa na mashine ambayo haikujua kama yupo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Ataidaije haki hiyo, wakati barua ya kumkataa iko kwa kijana wa steshenari, ameshaifuta kwa hasira? Na mimi ndiye wakala wa ajira. Mtaani watasema nimekula hela yake.

Nimewaandikia wenye programu kwamba watu wengi hapa wana namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA: tarakimu 20, nane za mwanzo tarehe ya kuzaliwa, na hakuna anayemwazima jirani yake ili aombe kazi. Wamenijibu kwa adabu kubwa. Pendekezo ni zuri, wamelipokea, na ili walifanyie kazi haraka niwatumie orodha ya waombaji walioathirika, kila mmoja na barua pepe yake.