Mashine Haivumilii Pengo

Chaneli za mtandaoni siku hizi hazina subira na pengo. Kipindi kikiisha saa 2:47 usiku na taarifa ya habari ni saa 3:00, programu yenyewe inazipima dakika 13 na kuzijaza: wimbo, tangazo la sabuni, wimbo uleule tena. Hakuna aliyeinua kidole.

Si programu hiyo iletwe basi Masasi na Newala, kwenye ratiba ya korosho? Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kununua kwa Sh 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba magunia. Kisha, kabla ya malipo, likaja pengo, jina lake uhakiki. Kuna wakulima waliovuka nalo hadi mwaka uliofuata, wakilijaza kwa mkono, kizamani kabisa: daftari la madeni dukani, na “njoo Jumatatu”.