Barua ya Shukrani kwa Wachapishaji, Kutoka Steshenari ya Getini

Kwa Waheshimiwa Wachapishaji wa Vitabu vya Hisabati vya Vyuo Vikuu,
London, New York na kwingineko mliko.

YAH: SHUKRANI KWA KUNILETEA WATEJA

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari nje ya geti la chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, na msimu wa mitihani nafunga saa sita usiku. Hatujawahi kuonana, lakini ada za wanangu zina mkono wenu. Wengine huwaandikia kuwalaumu. Mimi nimeona niwashukuru, tena hadharani, maana mfadhili asiyejua kwamba anafadhili ndiye wa kuombewa zaidi.

Nianze na bei. Kitabu kipya cha kalkulasi chenye jalada gumu huko Marekani kimewahi kufika dola 200 na kupita. Kwa hela yetu hiyo ni kama laki tano. Mwanafunzi anayesubiri bumu la Bodi ya Mikopo akitajiwa laki tano kwa kitabu kimoja, na muhula una masomo kadhaa, miguu inamleta dukani kwangu yenyewe. Serikali ya Marekani ilipopima bei kati ya Januari 2006 na Julai 2016, ilikuta vitabu vya vyuo vimepanda kwa karibu asilimia 88, wakati bei za vitu kwa ujumla zilipanda kama asilimia 21. Kijana wa mwaka wa tatu aliponisomea takwimu hizo, niliagiza mashine ya pili.

Lakini bei peke yake isingenifikisha hapa. Mtu akinunua kitabu ghali akakitunza, mdogo wake atakirithi, naye atamwachia mdogo wake, na mimi nitabaki natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Hapo ndipo mlipoonyesha akili. Mkaleta toleo jipya.

Naomba wengine wanaosoma barua hii wauone ukubwa wa kazi hiyo. Kalkulasi ni mali ya karne ya 17, ya Newton na Leibniz. Leibniz alichapisha makala yake ya kwanza kuihusu mwaka 1684. Karne ya 19 wakaja kina Cauchy na Weierstrass wakaikaza nati zilizolegea. Tangu hapo, yale anayofundishwa mtoto wa mwaka wa kwanza hayajasogea sana. Mfanyabiashara wa kawaida akikabidhiwa bidhaa kongwe namna hiyo atakata tamaa. Ninyi mkagundua kwamba hata kama somo halibadiliki, namba za mazoezi zinabadilika. Zoezi la 17 linakuwa la 23, la 23 linahamia sura ya mbele. Mhadhiri akiandika ubaoni "fanyeni la 17", mwenye toleo la zamani anakesha na tenki la maji linalovuja, kumbe wenzake wameulizwa ngazi inayoteleza ukutani. Asubuhi anakuja kwangu macho mekundu. Hataki kitabu kizima. Anataka kurasa za mazoezi tu za toleo jipya, azichomeke kwenye kitabu cha kaka yake. Kazi hiyo ya kuchomeka imenilipa kuliko vyeti vyote vya kuzaliwa vya wilaya hii.

Mfano wa kuigwa ni kitabu cha kalkulasi cha James Stewart, Mkanada aliyekuwa pia mpiga fidla. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1987, na kwa mapato yake mwandishi alijijengea Toronto nyumba ya kuta zilizopinda, yenye ukumbi wa muziki, akaiita Integral House. Simwonei kijicho. Alieleza vizuri, na mwandishi anayeeleweka anastahili nyumba. Alifariki Desemba 2014. Toleo la nane likaja 2015, na la tisa likafuata. Kwa watu wengine mauti hukatisha kazi. Kwenu hayajawahi hata kuchelewesha toleo.

Wateja wa takwimu hawana makuu. Hunitaka kurasa za mwisho tu, zile za majedwali. Jedwali la t asili yake ni makala ya mwaka 1908 ya William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Mwajiri hakutaka jina la mfanyakazi wake lionekane, kwa hiyo Gosset alitumia jina la bandia, lakini hesabu zenyewe ziliachwa zitoke dunia nzima izitumie. Yaani watu wa bia waliliachia jedwali, watu wa vitabu mnaliuza upya kila baada ya miaka mitatu minne, kana kwamba namba hizo zimeiva jana.

Nina manung'uniko madogo, na ni vizuri niyaseme kwa kuwa barua ya shukrani tupu hunuka unafiki. Wateja wa hisabati tupu hunishutumu kwamba naruka kurasa. "Bosi, hapa uthibitisho haupo." Nafungua kitabu chenyewe, nageuza mbele, nageuza nyuma, mwisho nakuta mwandishi ameandika kwamba uthibitisho ni rahisi na unaachwa kwa msomaji. Kwa laki tano! Seremala akiniuzia meza, miguu akaniachia kama zoezi, nampeleka serikali ya mtaa jioni hiyo hiyo.

Sasa tuzungumze nadharia ya michezo, somo ninalolipenda kuliko yote ingawa nimelisoma kwa mafungu, kurasa zikipita juu ya kioo cha mashine. Von Neumann na Morgenstern waliandika kitabu chao kikubwa mwaka 1944, na tangu hapo ninyi mmekuwa mkifundisha ulimwengu jambo moja: kabla hujacheza, jiulize mwenzako atajibuje.

Ninyi wenyewe mlisahau kujiuliza. Mwaka 1997 kijana wa Kithailand, Supap Kirtsaeng, alikwenda Marekani kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cornell. Akaona kitabu kile kile, kwa Kiingereza kile kile, kinauzwa kwao kwa bei ndogo kuliko Marekani. Akawaomba ndugu na marafiki wanunue madukani huko na kumtumia kwa posta. Akaviuza, akawarudishia hela yao, faida akaweka mfukoni. Kampuni ya John Wiley & Sons ikamshtaki mwaka 2008. Vitabu vya kampuni hiyo vya Asia vilikuwa na onyo kwamba viuzwe Ulaya, Asia, Afrika na Mashariki ya Kati tu, visivuke mipaka hiyo. (Nasi tumetajwa, ahsanteni.) Jopo la raia mahakamani likamtoza dola 75,000 kwa kila kitabu, na vitabu vilikuwa vinane, jumla dola 600,000. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 19 Machi 2013 majaji sita dhidi ya watatu wakasema kwamba mtu aliyenunua nakala halali ana haki ya kuiuza, hata kama ilichapwa nje ya Marekani.

Katika vitivo vyote vya dunia, aliyewashinda alitoka hisabati. Mlitegemea nani mwingine aone kwamba pande mbili za mlinganyo haziko sawa?

Mwenzangu wa Delhi naye asisahaulike. Ana duka la kopi, Rameshwari, katika eneo la Chuo Kikuu cha Delhi, na kazi yake ni kama yangu: walimu wanataja sura, yeye anazikusanya, anazibaindi, anawauzia wanafunzi. Sisi huyaita madesa. Mwaka 2012 Oxford, Cambridge na Taylor & Francis wakamfungulia kesi, wachapishaji watatu wakubwa dhidi ya mwenye mashine za kopi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa kesi hiyo, na Machi 2017 wachapishaji wakajiondoa. Sheria ya India haivuki bahari kuja kunilinda, hilo nalijua, na watu wa hakimiliki wakipita mtaani kwetu huwa nageuka muuza bahasha.

Tazameni basi mchezo wetu ulivyo. Mhadhiri anachagua kitabu, naye nakala yake mara nyingi mnampa bure. Mwanafunzi hachagui ila ndiye anayelipa. Ninyi mnapanga bei, mimi natoa kopi. Wanunuzi wakipungua, mnapandisha bei kwa waliobaki. Mkipandisha, waliobaki wanapanga foleni kwangu. Hakuna kati yetu mwenye faida ya kubadili hatua yake peke yake. John Nash alieleza hali ya namna hiyo mwaka 1950, nanyi mmekuwa mkiichapa tangu hapo bila kuisoma.

Kwenye kufuli za kidijitali ndiko mlikonitisha, na somo la kriptografia, yaani elimu ya mawasiliano ya siri, ndilo lililonifungua macho. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alisema mfumo wa siri ulio imara ni ule ambao hata adui akiushika wote hapati kitu, mradi ufunguo tu ndio siri. Mwaka 1976 Diffie na Hellman wakaonyesha namna watu wawili wanavyoweza kuelewana ufunguo huku kila mtu akiwasikiliza, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaja na mfumo wao. Wa kwao unategemea kwamba kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, ila kulirudisha jibu kwenye namba zake mbili ni kazi ya kuzeeka nayo. Kijana mmoja alinieleza hayo akisubiri spairo, nikaelewa papo hapo, kwani ndivyo vitabu vyenu vilivyo siku hizi: kununua ni kubofya mara moja, kuuza tena haiwezekani. Mmevitia vitabu vya kalkulasi na takwimu namba ya siri, ambayo bila hiyo mwanafunzi hawezi kukusanya kazi zake mtandaoni, na ikishatumiwa na mmoja imekufa. Na mwaka 2019 Pearson wakatangaza kwamba vitabu vyao vya vyuo vya Marekani vitatangulia kwa dijitali. Nilikosa usingizi. Kitabu kinachokodishwa kwenye skrini na kufutika muhula ukiisha, mimi nitakilaza vipi juu ya kioo?

Tena wapo wabaya zaidi yenu, na hapa naomba tuungane. Menezes, van Oorschot na Vanstone, waandishi wa kitabu kinene cha kriptografia cha mwaka 1996, wameweka sura zake zote mtandaoni, kila mtu ajichukulie. Osborne na Rubinstein wamefanya hivyo kwa kitabu chao cha nadharia ya michezo cha 1994. Hastie, Tibshirani na Friedman nao vivyo hivyo kwenye takwimu. Na kinachouma ni kwamba wachapishaji wao walikubali, na vitabu vile vya karatasi vinaendelea kuuzwa! Watoto wanavisoma kwenye simu ndani ya daladala. Hata karatasi hawaitaki. Mambo hayo yakienea, mimi na ninyi tutakutana kwenye foleni ya kutafuta kazi.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Msishushe bei. Msikae na maktaba za huku mkaulizana chuo kinaweza kulipa ngapi. Msiache toleo lipoe kabla hamjaleta lingine. Ikibidi badilisheni picha ya jalada, nitaelewa. Na lile wazo la vitabu vya Kiswahili msilikaribie kabisa. Kuanzia sekondari hesabu hapa kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuniletea kitabu cha Kiswahili cha nadharia ya michezo nikitolee kopi. Ni afadhali hivyo. Mwanafunzi aliyeelewa sura moja hutoa kopi ya sura moja. Asiyeelewa, anayeogopa kudisko, hutoa kopi ya kitabu chote na majibu ya nyuma.

Mkipata safari ya Dar es Salaam karibuni dukani. Chai ipo, na matoleo yenu yote yapo, hata yale mliyokwisha kuyasahau wenyewe.

Wenu mtiifu,

Mwenye Steshenari,
mlango wa pili kutoka getini.

Nakala: Yeyote anayeihitaji. Shilingi 100 kwa ukurasa, 50 zikizidi kurasa mia.